Pumzi ya Usi wa Sichana

Walioishi Kiponda katikati ya miaka ya tisini wanamkumbuka Daktari Rawiya binti Azzan kwa mwendo wake wa haraka na buibui lake lisilotulia mabegani. Alisomea ng'ambo, akarudi Unguja na masanduku ya mashine. Hata wageni wa kumpongeza hawajesha kuja, keshakipaka chokaa chumba cha juu cha nyumba ya babu yake, ametia kitanda, ametundika pazia zito, ameanza kulaza watu.

Ndivyo mtaa ulivyosema, "Rawiya analaza watu," na mtaa ukacheka. Alichokuwa akikitafiti ni maradhi ya kukata pumzi usingizini. Mtu hulala akakoroma, koo likalegea na kujifunga, pumzi ikakatika. Kisha mwili hustuka, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyekuwa amezamishwa, akaendelea kulala asijue lolote lililompata. Watu wa namna hiyo huamka wamechoka kuliko walivyolala, na mchana kutwa wanasinzia. Kwa hivyo Rawiya aliwalaza mchana, baada ya sala ya adhuhuri, maduka yanapofungwa na mji unapotulia, nyumba nzima ikawa haina sauti ila ya mama yake, Bi Jokha, akipepeta mchele ukumbini.

Hakuwa mtu mbaya. Wagonjwa wake aliwapokea kwa kahawa na halua, akawauliza hali za watoto wao. Lakini waliomjua vizuri walisema aliyapenda maradhi kuliko wagonjwa. Mumewe, Hamed, alikuwa kazini Maskati, na binti yao Wafaa ndiyo kwanza ameanza skuli. Usiku, mtoto akishalala, Rawiya alikuwa akiandika hotuba ya kwenda kuisoma mbele ya madaktari wakubwa Nairobi. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mgonjwa mmoja wa kuwafanya wanyamaze.

Mgonjwa huyo akaletwa na mkewe kutoka Bwejuu.

Jina lake Usi, mchoma chokaa, mtu mnene wa shingo, mpole, mwenye kucheka na nafsi yake. Bwejuu nzima ilikuwa na visa vyake. Aliwahi kulala na bakuli la uji mkononi. Aliwahi kulala msikitini akiwa kwenye sijda, watu wakamaliza sala wakamwacha. Mwezi ule alisinzia kando ya tanuu la chokaa akaangukia makaa, mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko.

"Safari hii mkono," alisema mkewe, Wanu, mwanamke mkavu, mkulima wa mwani, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Safari nyengine ataingia mzima mzima."

"Atapona, Bi Wanu," alisema Rawiya. Akamwonesha mashine ndogo juu ya meza, ina bomba na barakoa ya mpira. "Hii husukuma hewa koo lisijifunge. Akilala nayo, hakati pumzi tena. Lakini kwanza nimwangalie anavyolala bila ya hiyo."

Wanu hakuitazama mashine. Alimvuta Rawiya pembeni, kwenye ngazi.

"Daktari, pumzi ile si yake," alinong'ona. "Ni ya kuazima. Alikufa akiwa mtoto mchanga. Mamake, Bi Sichana, akampeleka kwa mganga huko ukaeni, kusini, akarudishwa. Sikwambii kwa kitu gani. Lakini kila akilala, mwenye pumzi huja kuidai. Pumzi ikikatika, huwa keshafika. Basi lazima pawe na mtu wa kumwita. Usi wa Sichana. Kwa jina la mamake. Akiitika naam, mwenyewe huondoka."

"Na asipoitwa?"

"Mie namwita tokea uanamwali wangu. Sijalala usingizi wa kujua kuwa nimelala."

Rawiya alimshika bega kwa huruma. Alizoea maneno ya jinamizi, ya kukabwa, ya vitu vinavyokalia watu vifua. Alimwambia Wanu akae ndani amwangalie mumewe, kama ndivyo moyo wake utakavyotulia.

Usi akalazwa. Nyaya zikabandikwa kifuani na kwenye paji la uso, na kalamu za mashine zikaanza kuchora karatasi. Haukupita muda akakoroma mpaka dirisha likatikisika. Halafu akakatika.

Rawiya alitazama karatasi. Mstari wa pumzi ulikuwa umenyooka kama uzi. Kifua kimetulia. Mdomo wazi, hautoi wala hauingizi. Yote hayo aliyategemea.

Lakini ndani ya chumba mtu alikuwa anapumua.

Zilikuwa pumzi nzito, za taratibu, za mtu mkubwa. Alidhani ni Wanu. Akamtazama, Wanu ameziba mdomo kwa kanga. Alidhani ni yeye mwenyewe. Akajizuia. Pumzi ziliendelea. Zilikuwa zinatoka upande wa mlango, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Wanu akainuka, akainama, akaweka midomo kwenye sikio la mumewe. Alinong'ona maneno ambayo Rawiya hakuyasikia ila aliyajua.

"Naam," alijibu Usi usingizini. Kifua kikaruka, hewa ikaingia kwa kishindo. Na upande wa mlango kukawa kimya.

Mtu mwengine angeziondoa zile nyaya pale pale. Rawiya aliinamia karatasi akaupima mstari kwa kidole. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko wowote aliopata kuusoma vitabuni. Na Wanu alikuwa ameukatiza. Ile sauti, alijiambia, ni upepo kwenye uchochoro. Nyumba za mji wa kale zina mianya mingi. Sauti aliiweka kando. Ukimya hakuweza.

Usiku ule hakuandika kitu. Alilala kitandani akiwaza mstari ulionyooka, na jinsi ambavyo ungeendelea kunyooka lau asingeingiliwa.

Kesho yake alimwambia Wanu aende Darajani akanunue dawa ya kupaka kidonda cha mkono. Dawa yenyewe ilikuwamo kabatini.

"Nani atamwita?" aliuliza Wanu.

"Mimi."

"Wallahi?"

"Wallahi," alisema Rawiya.

Wanu akashuka ngazi, akisita kila hatua. Usi akajilaza mwenyewe, akatabasamu, akainyooshea kidole mashine ndogo. "Leo navaa ile barakoa, Daktari? Nimwachie na mke wangu alale kidogo, maskini."

"Leo utavaa," alisema Rawiya. "Ukishalala ntakuvisha."

Akafunga mlango. Mashine ndogo ilibaki juu ya meza, na kifuniko chake hakikufunuliwa.

Usi alikoroma. Usi akakatika.

Pumzi zikaanza upande wa mlango.

Rawiya aliukodolea macho mstari. Ulinyooka. Kengele ya mashine ikaanza kulia kuonya kuwa damu inakosa hewa, akaizima. Kucha za Usi zikageuka rangi, kwanza samawati, kisha zambarau kama biringani. Anapaswa kumwita sasa. Kidogo tu, alijiambia. Kidogo tena. Mstari ulikuwa mzuri. Hakuna aliyepata kuwa nao.

Pumzi zikasogea. Zilitoka mlangoni zikafika katikati ya chumba. Zikafika kitandani. Rawiya alisikia ubaridi umempita ubavuni, kama mtu aliyembania njia akapita kwa adabu. Kisha pumzi zikakoma. Palisikika mtu akimeza.

Mara moja tu. Kama amezaye maji.

Kalamu ya moyo ikalala.

Hapo ndipo Rawiya alipoinuka. Alivuta barakoa, akaibana usoni mwa Usi, akawasha mashine. Hewa ikapiga ukuta wa koo ikarudi. Akamkandamiza kifua. Akasahau elimu yake yote, akapiga kelele: "Usi! Usi wa Sichana!"

"Naam," ikaitikiwa.

Si kitandani. Nyuma yake.

Wanu alirudi na kichupa cha dawa mkononi. Alimkuta Rawiya amekaa sakafuni, na mumewe amefumbwa macho. Hakulia. Alikwenda mpaka kitandani, akazigusa zile kucha.

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

Rawiya aligeuza macho. Wanu alifuata macho yake mpaka kwenye ukuta mtupu ulio nyuma ya mlango. Kisha akatazama meza. Aliitazama kwa muda ile mashine ndogo, na mikanda ya barakoa yake, ambayo bado ilikuwa imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Akamfunika mumewe kanga, akateremka kutafuta gari ya kumchukua maiti.

Cheti cha kifo kiliandikwa maradhi ya moyo. Usi alizikwa Bwejuu kabla ya magharibi. Rawiya hakwenda maziko. Alikwenda kuikunja karatasi ya mashine, akaitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake: Nairobi.

Siku chache zilipita. Mchana mmoja Wafaa alirudi kutoka skuli, akala, akajilaza mkekani ukumbini karibu na bibi yake, kama ilivyo ada. Rawiya alikuwa akisoma. Bi Jokha akipepeta mchele. Ungo ulipotulia ndipo Rawiya aliposikia kitu kinakosekana.

Kifua cha Wafaa kilikuwa hakiendi.

Na kwenye pembe ya ukumbi mtu anapumua.

Alimrukia mtoto akamtikisa. Kichwa kiliyumba kama cha mwanasesere. "Wafaa! Wafaa!" Midomo inabadilika rangi. Neno lilimtoka Rawiya kabla hajalifikiri, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani: "Wafaa wa Rawiya!"

"Naam, mama," alisema mtoto, akavuta hewa, akageukia upande wa pili, akaendelea kulala.

Tokea siku hiyo nyumba haikulala tena. Madaktari wenzake walimpima Wafaa koo, mapafu, moyo. Walimwona mzima kuliko wao. Rawiya alimvisha barakoa. Mashine ilisukuma hewa na kifua hakikuipokea, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Bi Jokha aliita watu wakaja kusoma Yasini na kufukiza udi. Walipokuwapo, pumzi haikukatika. Walipoondoka ilikatika, na pembeni palipumua kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyesubiri na kuchoka kusubiri.

Kwa hivyo wakaita. Usiku Rawiya, mchana Bi Jokha, kisha kwa zamu, kisha bila ya zamu. Na kwa kuwa Bi Jokha masikio yake yalikuwa mazito na mkono wake hauna nguvu, aghalabu aliita Rawiya. Aliita kwa sauti kubwa, kwa sauti ya juu kabisa, ya kumfukuza mwizi. Majirani walilizoea hilo jina. Watoto wa mtaani walifanya mchezo, wakiitana wa fulani na wa fulani.

Rawiya akawa ndiye mgonjwa. Alisinzia na kijiko mkononi. Alisinzia akitawadha. Safari ya Nairobi ikapita asiikumbuke. Ile bahasha aliichoma moto jikoni, akidhani labda ndiyo inayotakiwa. Haikuwa.

Mwishowe alipanda gari ya jirani akaenda Bwejuu.

Maji yalikuwa yametoka, na wanawake walikuwa mbali kwenye mashamba ya mwani, wameinama. Wanu alikuwa amekaa uwandani kwake, anaanika. Rawiya hakumtambua mara moja. Mashavu yalijaa. Yale macho mekundu yalikuwa meupe, maangavu, macho ya mtu aliyeshiba usingizi.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba." Wanu hakuacha kazi. "Nani?"

"Nani?"

"Nani anayekatika pumzi kwenu?" aliuliza Wanu. "Najua hukuja kunipa mkono wa tanzia."

"Mwanangu," alisema Rawiya, akakaa mchangani na buibui lake. "Bi Wanu, n'nakuomba. Mwambie atoke. Anichukue mimi. Mwanangu ana kosa gani?"

"Na wangu alikuwa na kosa gani?" Sauti ya Wanu ilikuwa ya taratibu, kama anayemweleza mtoto njia. "Ile barakoa ilikuwa juu ya meza. Uliniapia utamwita, na mwenye pumzi alisikia. Mie nilikuwa dukani nalipia dawa ya mkono wa maiti."

"Nisamehe."

"Nshakusamehe. Mie nalala sasa, Daktari. Sikujua kulala ni kutamu hivi. Nakuombea dua."

Rawiya alilia. Wanu alimwacha alie, akageuza mwani upande wa pili ukauke vizuri. Kisha akauliza, kama jambo dogo tu, "Unamwitaje?"

"Kwa jina langu. Kama ulivyonambia."

"Unamnong'oneza sikioni?"

Rawiya aliinua uso. "Namwita kwa sauti. Napiga kelele."

Mikono ya Wanu ikasita. Alimtazama Rawiya kwa mara ya kwanza, akamtazama sana, na kitu kama kicheko kikampita usoni.

"Miaka yote mie nilimwekea midomo sikioni," alisema. "Uliniona. Hujajiuliza kwa nini? Yeye husikiliza. Hujifunza. Akishajua sauti ya mwenye kuita, haji tena kungoja pumzi ikatike. Huita mwenyewe, na mwenye kuitika humfuata."

"Hukunambia."

"Hapana," alisema Wanu. "Sikukwambia. Na leo umemwacha na nani?"

Rawiya hakukumbuka baadaye jinsi gari ilivyofika mji. Alikumbuka tu kwamba alasiri ilikuwa imeadhiniwa, na jua lilikuwa limejaa kwenye uchochoro, na watu walimsalimu naye akapita. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Alianza kupanda ngazi.

Kutoka juu alisikia mwanamke anaita.

"Wafaa wa Rawiya."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ina uchovu wake. Ina mkwaruzo wa koo lake. Lakini haikuwa na kelele. Ilikuwa laini, ya kubembeleza, namna alivyokuwa akimwita mtoto zamani, kabla ya haya yote.

"Wafaa wa Rawiya. Njoo kwa mama."

"Usiitike!" alipiga ukelele Rawiya. "Wafaa, usiitike!"

"Naam, mama," alisema Wafaa kule juu, kwa furaha.

Bi Jokha alikuwa ukumbini, ungo mapajani. Alimwona bintiye anatokea ngazini akashangaa. "Alaa! Umetoka saa ngapi tena? Si uko chumbani na mtoto? Nimekusikia hata kwa masikio yangu haya mazito, nikasema alhamdulillahi, leo napumzika."

Wafaa alikuwa kwenye kitanda cha wagonjwa, chumba cha juu, pahala alipokatazwa kuingia. Amelala chali, nywele zimechanwa vizuri, mkono mmoja ameunyoosha hewani kuelekea mlangoni, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika kidole cha mtu. Mkono haukuanguka. Walioosha maiti walipata taabu kuushusha.

Rawiya hakupiga kelele tena. Alisimama katikati ya chumba, akasikiliza. Upande wa mlango palikuwa na pumzi nzito, za taratibu. Na chini yake, karibu na sakafu, pumzi nyengine, ndogo, za haraka haraka, kama za mtoto aliyepanda ngazi mbio.

"Wafaa?" alinong'ona.

"Naam," ikaitikiwa nyuma yake.

Aligeuka. Ikaitika nyuma yake tena.

Baada ya maziko hakutoka chumbani. Alikaa kwenye kiti chake cha daktari, anaita na kuitikiwa, anageuka na kugeuka. Bi Jokha alivumilia mpaka pale alipomkuta bintiye anacheka na ukuta, anamwambia mtu ambaye hayupo asimsukume mwenzake. Hamed akaja, akawachukua wote Maskati. Inasemwa Rawiya yuko huko mpaka leo, mzima wa mwili, lakini hageuzi shingo akiitwa, na halali ila kwa sindano.

Nyumba ikafungwa. Hakuna aliyeitaka, hata kwa bure.

Chumba cha juu kina dirisha la vioo linaloelekea uchochoroni. Mvua za masika zilizofuata, wanaokaa barazani waliona kioo cha chini kabisa kimepata ukungu kwa ndani, duara dogo, kama pale mtoto anapobandika mdomo akapumua. Wakasema ni unyevu. Kiangazi kikaja na joto la Kaskazi, vioo vyote vya mji vikakauka, na lile duara lilikuwapo, kila siku baada ya adhuhuri, linakuja na kufutika, linakuja na kufutika. Fundi mmoja aliegemeza ngazi akapanda kulipaka rangi. Alishuka na kopo limejaa, akakataa kusema alichokisikia.

Hivi sasa miaka imepita, na duara bado lipo. Halipo tena kwenye kioo cha chini. Lilikuwa likipanda kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na wanawake wa mtaani wanaojua vimo vya watoto wao wanasema limefika kimo cha mwanamwali.